Mnyoo, Somo wa Mama

Adrienne alikuwa anatoa mashuka kwenye mashine, katika chumba cha kufulia kilichoko chini ya jengo lao katika mtaa wa Hallonbergen, nchi ya Waswidi, mama yake alipoingia akitembea ukutani. Alikuwa miguu mitupu, kitenge kimemkaa sawasawa kana kwamba ukuta ndio sakafu, na kwapani amebana kitenge kingine kipya, bado kina karatasi ya dukani. Akapita juu ya tangazo linaloonya watu wasiache nyuzi za nguo kwenye chujio, akasimama karibu na saa, kichwa kimeelekea mashine za kukaushia.

"Adri," akasema. "Siku hizi unafua mwenyewe?"

"Mama, karibu."

Adrienne akatupa shuka begani apate kumpa mkono. Ilibidi ajipinde ubavu ndipo wasalimiane vizuri. Jirani wa juu, ambaye zamu yake ya kufua ilikuwa inafuata, akaingia na kikapu chake, akawatazama wote wawili, akasema nyayo zinachafua rangi na ukuta umepakwa juzijuzi tu. Adrienne akaomba radhi. Wakapanda lifti, mama amesimama kwenye kioo.

Mama yake huyu, Vumilia kwa jina lake mwenyewe, alikuwa amekufa tangu Adrienne yuko sekondari Bukavu. Alikuwa mchuuzi wa vitunguu, na mashua aliyopanda kutoka Kalehe ilizama mchana kweupe katika Ziwa Kivu. Wenzake waliokotwa, wakaliliwa, wakazikwa. Yeye hakuonekana, wala yeye wala gunia lake. Mtu aliyezikwa anajua chini ni wapi, maana amelalia mgongo juu yake. Mama Vumilia hakuwahi kufikishwa chini na mtu yeyote, basi tangu siku ile hakujua chini ni upande gani, na alikuwa akikanyaga popote palipokuwa karibu: ukuta, dari, ubavu wa kabati. Ilimchosha sana, naye hakuficha kwamba ilimchosha.

"Nimesikia niko na homonyme," akasema walipofika jikoni, sasa amekaa darini kando ya taa, miguu ameikunja. Kwao neno la Kifaransa ndilo linalotumika. Wengine wangesema somo, yule aliyepewa jina lako. "Nimemuletea kitenge. Iko wapi huyo mutoto?"

"Si mtoto, mama. Ni mnyoo."

"Munyoo?"

"Wa baharini. Mdogo sana."

Mama akafikiri kidogo, akageuza kitenge mkononi.

"Anakula?"

"Anakula."

"Basi," akasema mama, na hilo likaisha hapo.

Isidhaniwe kwamba Adrienne alikuwa amekosa adabu, kumpa mama yake mnyoo. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto, na daktari alikwisha kumwambia asisubiri tena. Mdogo wake Désiré, dereva wa basi aliyekaa Hagsätra, alikuwa na watoto wa kiume watupu, na mkewe alikwisha kuapa kanisani kwamba tumbo limefungwa. Binti wa kubeba jina la bibi yake hakuwepo na hakuwa njiani. Kaburi halikuwepo ambalo juu yake jina lingeandikwa. Adrienne alikuwa na mnyoo, basi akampa mnyoo.

Na mnyoo mwenyewe alikuwa wake, hilo aliapia. Alisomea wanyama, alifundisha wanafunzi Bukavu miaka kadhaa kabla ya kukimbia, na sasa aliajiriwa kwa mkataba wa muda katika taasisi moja ya jiji inayochunguza wanyama wasio na uti wa mgongo. Ni yeye aliyechota mchanga kwenye kisiwa kimoja cha mashariki, akaulowesha kwenye maji ya dawa ili viumbe vilivyomo vilewe na kuachia chembe za mchanga, akachuja, akaketi kwenye hadubini. Humo akamkuta: mnyoo bapa mwembamba, mrefu kiasi cha kikomo cha sentensi kilichovutwa na kalamu mbovu, mweupe wa kupenya mwanga, hana macho. Kinywa chake kiko tumboni, tena kwa nyuma, na chakula kinaingia hapo na uchafu unatokea hapohapo, maana mlango wa pili hana. Ni dume na jike katika mwili mmoja. Mkiani ana vinundu vya gundi vya kujishikiza wimbi linapopita.

Minyoo wa namna hiyo wanafanana kama mbegu za ufuta. Ukitaka kujua huyu ni wa kabila gani inabidi umkate vipande vyembamba kama pumzi, uvipange kwenye kioo, uvipake rangi, kisha umchunguze mahali ambapo mtu mwenye haya hachunguzi mwenzake, kwenye kiungo chake cha kiume, uone miiba imepangwaje. Miiba ya huyu ilipangwa vingine. Hapakuwa na kitabu kilichowahi kuionyesha.

Lakini Adrienne hakumpenda kwa sababu ya miiba. Mbele ya ubongo wake mnyoo yule alikuwa na kijifuko, na ndani ya kijifuko kijiwe kimoja cha mviringo kinachochezacheza. Kijiwe kikiegemea huku, mnyoo anajua chini ni huku. Hana macho, hana masikio, hana damu, lakini chini anaijua. Adrienne alipokiona alifunika uso kwa mikono, akalia palepale mezani, na wenzake wakadhani ni dawa imemwingia machoni. Tangu siku hiyo alimwita mnyoo yule Mama, kama wanavyomwita kwao mtoto aliyepewa jina la bibi yake. Alikuwa akiingia asubuhi na kusema, "Mama ameamkaje?" na hakuna aliyemuuliza anasema na nani.

Jumapili ya juma lile alipofika mama, Désiré alikuja na familia, wakala sombe, kisamvu cha kwao, na samaki, mama akipokea sahani yake kutoka juu. Watoto walimsalimia bibi yao kwa Kiswahili walichofundishwa kwenye gari, wakarudi kwenye Kiswidi chao. Baada ya kula Adrienne akaleta makala aliyoiandika, akamsomea mama mbele ya Désiré awe shahidi. Jina la kwanza la mnyoo, la ukoo, lilikuwa la Kigiriki na halikuhusu mtu. Jina la pili lilikuwa vumiliae.

"Mais yaya, hiyo e mwishoni ni ya nini?" akauliza Désiré; yaya kwao ni dada mkubwa.

"Ni Kilatini. Ndiyo inayosema kwamba huyu ni wa Vumilia. Bila e ni neno tu."

Akawasomea na sentensi ya chini, mahali ambapo mwandishi anaeleza jina limetoka wapi: limetoka kwa Vumilia M'Rusati, mchuuzi wa vitunguu, mama wa mwandishi. Kufikia neno mchuuzi, mama akaanza kushuka. Alishuka taratibu, kichwa kikazunguka kikakaa juu, miguu ikagusa zulia, ikatua. Akakanyaga mara ya kwanza, akakanyaga tena.

"Kumbe chini ni huku," akasema, akavuta kiti, akaketi kama watu, akaomba sombe nyingine.

Majira ya baridi yote yale Mama Vumilia alitembea chini. Désiré alimnunulia viatu vya manyoya. Alikwenda kanisani Hjulsta na akina mama wa Kivu, akagombana nao kuhusu namna ya kutwanga sombe, akaalikwa tena. Alipanda treni ya bluu kutoka mwanzo mpaka mwisho kwa kujifurahisha tu, amesimama katikati ya behewa bila kushika chochote. Adrienne akirudi kazini alimkuta amelala kitandani chali, mgongo umelala sawa, anakoroma. Alikuwa akisimama mlangoni na koti lake, anamsikiliza tu.

Sasa Torkel. Torkel alikuwa mkuu wa mradi, profesa mwenye ndevu safi na moyo mzuri. Ukitaka kumchukia inabidi ujitahidi. Huko wakubwa wanaitwa kwa jina lao hivi hivi, na Adrienne alichukua muda mrefu kabla ulimi haujakubali. Torkel aliisoma makala, akaisifu, akaweka jina lake mbele ya la Adrienne kwa kuwa mradi ni wake. Hilo Adrienne alilitarajia, akalimeza.

Wakati wa kahawa ya alasiri, ambayo watu wa huko hawaikosi hata nyumba ikiungua, Torkel akaegemea meza na keki yake ya mdalasini.

"Adrienne, hili vumilia," akasema, akitia mkazo kwenye vu kama mtu anayesukuma toroli. "Lina maana gani?"

Hapo ndipo Adrienne alipokosea, na ni kosa ambalo asingelifanya mtu mwenye malezi mabaya. Mtoto aliyelelewa vizuri hamburuzi mamake kwa jina mezani, katikati ya vikombe na makombo. Aliona aibu kusema ni mama yangu, ingawa iliandikwa. Isitoshe, kwao ukiulizwa jina lina maana gani, unatoa maana. Kwamba jina ni la mtu, hilo kila mtu anajua. Basi akatoa maana.

"Ni kustahimili," akasema. "Kubeba jambo zito bila kulalamika."

"Na watu wanalitumia?"

"Kila siku. Mtu akiwa na shida unamwambia: vumilia."

Torkel akaacha kutafuna. "Lakini hiyo ni nzuri mno," akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli, maskini wa Mungu.

Makala ilitoka majani yalipoanza kuchipua. Adrienne hakuwa ameiona. Alikuwa amesimama na mama yake dukani karibu na kituo, wanachagua vitunguu, mama akivibonyeza kimoja kimoja na kuvitukana kwamba ni maji matupu. Katikati ya tusi akaanza kupaa. Alipaa na kitunguu mkononi, akafika kwenye taa, akakanyaga dari.

"Adri," akasema kwa sauti ndogo. "Bale batu banifanya nini?"

Mhudumu akaja kusema kwamba kitunguu lazima kipimwe kabla ya kutoka. Adrienne akamfunga mama kiunoni kwa kile kitenge kipya alichokuwa amejitanda, akamvuta mpaka nyumbani, kisha akafungua kompyuta.

Jina la mnyoo lilikuwa vumilia. Herufi e haikuwepo. Chini yake palieleza kwamba jina linatokana na kitenzi cha Kiswahili chenye maana ya kustahimili, kwa heshima ya mnyoo huyu anayevumilia chumvi kidogo na baridi kali ya Bahari ya Baltiki, na kwamba ni ujumbe kwetu sote katika zama hizi ngumu. Mchuuzi wa vitunguu hakuwemo. Jina la Adrienne nalo halikuwa tena pale juu kando ya Torkel. Alilikuta mwishoni, kwenye shukrani, baada ya dereva wa boti. Alishukuriwa kwa msaada wa lugha.

Adrienne alisoma mara ya pili. Alitamani kuvunja kitu. Alitazama sahani moja baada ya nyingine, zote alizinunua mwenyewe, akaziacha.

Kesho yake walikwenda taasisi wote wawili. Mapokezi alikaa Eseza, Mganda wa Jinja, aliyekuwa na utaratibu wake na hakuubadilishia mtu.

"Karibu sana, nyabo," akamwambia mama, kama wanavyomwita kwao bibi wa heshima. "Mgeni lazima avae kibandiko." Akakibandika kwenye unyayo, maana ndio alioufikia vizuri, mama akiwa amejikunja juu ya dawati lake, nyayo zinaning'inia kwenye pembe ya rafu.

Katika chumba cha hadubini dari ni fupi. Adrienne akavuta kitenge, akamshusha mama kichwa chini mpaka jicho likafika kwenye kifaa. Yule aliyekatwa vipande, ambaye jina hufungwa kwake na wengine wote hulinganishwa naye, alikuwa kabatini. Katika bakuli la kioo walikuwamo ndugu zake walio hai, wanapita katikati ya chembe za mchanga.

"Njo huyu?"

"Ndiye, mama."

"Hako kajiwe, nakaona." Akatazama sana. Mnyoo alizama mchangani, kwa haraka, bila kusitasita, chini. "Yeye anajua. Umwite, tuone."

Adrienne alikuwa hajawahi kumtaja mamake kwa jina tangu azaliwe. Akakaza moyo.

"Vumilia," akasema.

Wakangoja. Miguu ya mama ilibaki darini.

"Ile hapana jina," akasema mama mwishowe. "Ile unaniambia miye nivumilie."

Torkel akaingia na kikombe. Akaona kuna mgeni, akanyoosha mkono juu, kwa heshima, kama inavyopasa.

"Torkel," akajitambulisha.

"Vumilia," akasema mama, naye akampa mkono.

"Kabisa!" akasema Torkel kwa furaha. "Nami ninajaribu. Neno zuri ajabu."

Adrienne akasema, "Torkel, huyu ni mama yangu. Niliandika jina lake, wewe ukalifuta."

"Sikulifuta." Alionekana ameumia. "Wahakiki hawapendi mambo ya nyumbani, wewe unajua. Nililipanua. Lilikuwa la mtu mmoja, sasa ni la kila mtu. Nilidhani utafurahi."

"Na jina langu mimi?"

"Mkataba wako uliisha kabla hatujapeleka. Ulianza mwingine, ndiyo, lakini kwa tarehe ile hukuwapo." Akasema kwa upole, tena taratibu, mtu asije akakosa kumwelewa. "Si mimi niliyeweka utaratibu."

"Rudisha herufi moja. E tu."

Torkel akatikisa kichwa, na hapa hakuwa anadanganya. Jina la mnyama likishachapishwa na kuelezwa, linabaki lilivyo. Wanaolinda kanuni hizo wanaruhusu kusahihisha kosa la chapa. Hawaruhusu mtu kubadili nia. Na nia ilikuwa imeandikwa pale wazi: ni kitenzi. Adrienne aliijua kanuni hiyo. Aliifundisha Bukavu, ubaoni, kwa chaki, na aliwapa alama mbaya walioisahau.

"Hata kama nia ilikuwa yangu?" akauliza.

"Iliyoandikwa ndiyo nia," akasema Torkel, akamgeukia mama. "Utakunywa kahawa?"

Mama akasema aksanti, angekunywa, lakini inamwagika.

Adrienne alilalamika kwa wakubwa wa taasisi. Wakamsikiliza katika chumba chenye matunda mezani, wakasema wanaelewa hisia zake, wakamuuliza kama dari ya nyumbani inamtosha mama. Alijibu kwamba inatosha. Wakasema ni jambo jema. Désiré alitaka kwenda kumshika Torkel ndevu, mkewe akaficha funguo za gari. Basi ikawa imekwisha, na Adrienne akasaini mkataba mwingine mfupi, kwa sababu kodi ya nyumba haingojei mtu apoe.

Hatari sasa ilikuwa nje. Mahali penye dari Mama Vumilia alikuwa salama, amechoka lakini salama. Mahali pasipo dari hapakuwa na kitu cha kumzuia; angekwenda juu na angeendelea kwenda, kama alivyoendelea kwenda ziwani. Kanisani Hjulsta hakurudi tena. Akina mama walimletea sombe nyumbani, wakasimama kwenye viti kumpa. Joto lilipoingia na majirani wote wakafungua madirisha, ya Adrienne yalibaki yamefungwa, na humo ndani kulikuwa kunafukuta.

Jioni moja jua bado kali, Adrienne anapiga pasi na kutokwa jasho, simu ikalia. Alikuwa Torkel. Adrienne akaiweka mezani, sauti imefunguliwa, ili mikono ibaki huru.

Torkel alikuwa ametoka mkutanoni. Mnyoo amependwa mno. Kwenye mchanga ule ule, akasema, wamepata jamaa wawili wengine, wapya kabisa, miiba tofauti, na wanangoja majina.

"Nikakufikiria wewe kwanza," akasema. "Una maneno mengine kama lile?"

Adrienne akaendelea kupiga pasi ukosi wa shati.

"Ungewaona," akasema Torkel. "Ukumbi mzima, watu wazima, wanaagana kwa kuambiana: vumilia, vumilia."

"Navumilia, baba," akasema mama kutoka darini, kwa adabu, kama mtu aliyetumwa na mkubwa. "Navumilia."

"Ni nani huyo?" akauliza Torkel.

"Ni mama yangu."

"Jaha," akasema Torkel, yaani kumbe kwa Kiswidi. "Nisalimie."

Adrienne akainua uso, akamfikishia mama salamu.